Kumbikumbi wa Vitini

Miaka ya hamsini, mbele ya boma la Ifakara, palikuwa na kipande cha ukoka chenye viti vya mbao na mikrismasi michache pembeni. Watu wa boma walipaita bustani. Sisi wengine tulipaita Vitini, maana ukoka na miti tuliijua tangu utotoni. Kilichotushangaza ni viti. Nani anaacha viti vyake nje usiku kucha, na havina mwenyewe?

Niliolewa nikaletwa pale kutoka upande wa Mahenge, msichana wa shamba, na katika mambo yote ya mji sikupenda kitu kama Vitini. Mume wangu alikuwa seremala. Jumapili, baada ya misa, alinichukua tukaketi. Mara ya kwanza niliona haya mpaka masikio yakawaka moto: mke na mume, kiti kimoja, mchana kweupe, watu wanapita wanatutazama! Nilijibana ukingoni kabisa. Katikati yetu angeweza kukaa padre na baiskeli yake.

"Sogea," aliniambia, "sing'ati."

Nilisogea, lakini ilinichukua miezi.

Mwaka mzima niliujulia pale. Kipupwe umande ulichelewa kukauka, nasi tukachagua kiti chenye jua. Kiangazi kilipokolea, ukoka ulibadilika ukawa na rangi ya mkeka mkuukuu, na masizi ya mbuga zilizochomwa huko bondeni yalitua juu ya kanga yangu ya Jumapili, nikawa nayapuliza na kununa. Likaja joto lile la kuelekea mvua, mikrismasi ikachanua nyekundu, na hata wazee waliokuwa na safari zao walisimama kidogo wakainua macho. Masika maji yalipanda yakafunika nyasi zote. Watoto walishika kambale chini ya viti, mtunza bustani akawafukuza kwa ufagio, kisha akaondoka na wale kambale mwenyewe. Nilicheka siku ile mpaka mume wangu akaniambia nizibe mdomo, tuko mbele ya serikali.

Jambo moja tu lilinikosesha raha. Wanaume wengi waliofanya kazi mjini waliwaacha wake zao kijijini kwa wakwe, wakilima mpunga. Baba mkwe wangu alikuwa na shamba Mngeta. Mume wangu aliniahidi kwamba mimi nitakaa naye Ifakara, mvua inyeshe isinyeshe. Nilimwamini, lakini kila wingu jeusi lilipojikusanya roho yangu haikutulia.

Mvua ya kwanza ya mwaka wa pili ilinyesha Jumamosi usiku. Tulipotoka kanisani tuliwakuta kumbikumbi wakifumka kutoka ardhini pale Vitini, kama unga unaomwagwa kwenda juu. Watu walikuwa wanazoa kwa sufuria, kwa kofia, kwa chochote. Mume wangu alikimbia kuazima bakuli. Mimi nilijifunga kanga kiunoni nikainama. Nilidhamiria kuweka akiba katika pindo la kanga. Mmoja kwenye pindo, mmoja kinywani. Kisha pindo likasahaulika. Kumbikumbi mbichi ana mafuta matamu, anayejua anajua. Kilemba kilianguka, sikukiokota.

"Hodi hapa," sauti ikasema nyuma yangu.

Niligeuka. Alikuwa baba mkwe na fimbo yake, amekuja kutoka Mngeta bila taarifa, na jirani amemwelekeza tulipo.

Kwa watu wetu, mke wa mwana hali mbele ya baba mkwe wake. Wala hazungumzi naye ana kwa ana. Anapiga magoti, anaamkia, anajiondokea. Akiwa na neno analipitishia kwa mama mkwe. Nilipiga magoti kwenye tope. Nikafungua kinywa kutoa shikamoo, zikatoka mbawa.

Mzee alinipa mgongo. Alisimama akitazama boma kana kwamba ndilo lililomleta, mpaka mume wangu aliporudi na bakuli. Hata salamu hakuipokea vizuri.

"Marahaba. Mwanangu, mkeo ana njaa."

Nilimngoja mume wangu acheke, aseme: ah, baba, huyu ana uroho tu. Aliniangalia, kidevu changu kikiwa na bawa limeganda. Nadhani aliona kwamba akisema hivyo, jina la mlafi litanifuata katika ukoo ule mpaka kaburini. Aliinamisha kichwa.

"Maisha ya mjini ni magumu, baba."

"Basi nitaondoka naye. Nyumbani chakula kipo."

Maji yalikwishamwagika. Hata ahadi yake ya kunikalisha mjini hakuweza kuitaja, maana mtu asiyelisha mke anawezaje kumzuia asiende kula?

Mngeta walinipakulia wali kama mlima. Wanawake wa majirani walikuja kunitazama. "Kula, mama, kula, huku hakuna njaa." Nilikula nimeinamisha uso, kila tonge na aibu yake, na baina ya mlo na mlo nililima, nikapanda, nikapalilia, nikafukuza ndege.

Mume wangu alikuja wakati wa mavuno. Baba yake alimweka mbele ya ndugu zake wote uani. Sisi wanawake tulikuwa jikoni, tunasikia kila kitu.

"Mume gani wewe, mkeo anashindia wadudu kwenye kiwanja cha serikali?"

"Nimekosa, baba."

Sikuvumilia. Nilimnong'oneza mama mkwe ukweli wote: kwamba ndani tulikuwa na mchele, tulikuwa na samaki, kwamba ulikuwa ulafi wangu. Aliendelea kupepeta kwa ungo wake.

"Mwanangu, nani bondeni hapa hali kumbikumbi? Mzee mwenyewe alirudi amejaza mfukoni."

"Sasa kwa nini, mama?"

"Shamba lilikuwa kubwa, mikono michache. Angekuomba uje kulima, mwanawe angekataa. Njaa haikataliki." Akapuliza pumba. "Usimwambie mumeo. Atamwonaje baba yake?"

Habari hiyo ingenipunguzia aibu, lakini iliniongezea nyingine. Sasa nilikuwa najua, na yule aliyejishusha kwa ajili yangu alikuwa hajui.

Nilirudi Ifakara baada ya mavuno. Mume wangu hakuacha kunipeleka Vitini. Ila tangu siku hiyo hatukwenda mikono mitupu: kipupwe alibeba mihogo ya kuchemsha, kiangazi ndizi, masika mahindi ya kuchoma. Alisubiri mpaka watu wawe wengi njiani, ndipo ananiwekea mapajani.

"Kula," aliniambia, macho yake yakiwa kwa wapita njia.

Mzee alifariki, mama mkwe akafariki, nami sikumwambia mume wangu siri ile. Kila tulipokwenda Vitini nilikuwa nimeshiba tangu nyumbani. Nilimtazama akinimenyea ndizi polepole, akiinua juu kidogo ili ionekane, na mimi nikafungua kinywa.