Daftari Lililongoja Ijumaa

Kuna siku moja, mwanangu, huikumbuka kila nikisikia mtu anasifiwa kwa kazi ya haraka. Umeniambia umeajiriwa kuangalia seva za ofisi, nami nimefurahi, lakini sitatulia mpaka nikusimulie hili. Kaa, chai bado ya moto.

Nilikuwa kijana, fundi wa kompyuta wa shirika dogo la kutunza misitu na pwani. Ofisi kuu ilikuwa Mji Mkongwe, karibu na Darajani, na matawi yalikuwa mawili, Jozani na Chwaka. Kila pahala palikuwa na seva yake ya barua pepe, na kila seva ilikuwa na nakala ya daftari la wafanyakazi: jina, kituo, namba ya simu, picha. Kikibadilika kitu Chwaka, seva ya Chwaka huzipa habari seva nyengine, na zilikuwa zikipashana hivyo kila robo saa, kutwa nzima. Laini yetu ya mtandao ilikuwa dhaifu. Barua zilikwama, watu wakanuna, na lawama zote zikaniangukia mimi.

Basi nikaingia kwenye mipangilio. Niliona daftari ndilo linalojaza njia, nikaamua seva zipelekeane mabadiliko mara moja kwa wiki, Ijumaa jioni kazi ikisha. Mkubwa wangu, Maalim Othman, mtu mpole asiyependa kelele, aliniuliza kabla sijabonyeza.

"Ushawauliza wenzetu wa Jozani na Chwaka? Kipi kinaweza kungoja na kipi hakiwezi?"

"Nshawauliza, maalim."

Sikuwa nimemuuliza mtu. Nilijiona najua, na kuuliza niliona kunanishusha. Kesho yake barua zilikwenda mbio, nikapongezwa mbele ya watu, na kichwa kikanivimba.

Wiki iliyofuata, Jumatano asubuhi, aliingia ofisini mwanamume mmoja macho yamemuiva. Alikuwa kaka yake Bi Riziki, mwenzetu wa tawi la Jozani. Alisema baba yao amefariki alfajiri, wanazika baada ya adhuhuri, na simu ya Bi Riziki haipatikani tangu Jumapili. Nilifungua daftari. Kituo, Jozani. Namba, ile ile isiyopatikana. Nilipiga simu ya ofisi ya Jozani, haikupokewa, nikapanda vespa yangu.

Mlinzi wa Jozani alinishangaa. "Bi Riziki? Kahamia Chwaka tokea Jumatatu. Simu yake ilitumbukia majini, kanunua laini nyengine."

Namba hiyo mpya hakuwa nayo. Nikaenda Chwaka, nikamkuta Bi Riziki mezani kwake anafanya kazi. Nilipompa habari hakulia. Alinionyesha kioo cha kompyuta.

"Mbona nliandika? Jumatatu nliandika mwenyewe, kituo na namba. Nyumbani nlisema ntawaambia Ijumaa nkenda kumwangalia baba. Lakini nyinyi mjini nlijua mnaiona."

Ilikuwepo. Jina lake, Chwaka, namba mpya, vyote vimekaa pale vinangoja Ijumaa yangu. Nilielewa papo hapo, mwanangu, nikampakia kwenye vespa tukaondoka.

Tulipofika mtaani kwao jeneza lilikuwa lishatoka. Unajua kwetu mwanamke hendi makaburini; anaagia ndani, kabla maiti haijachukuliwa. Bi Riziki alisimama mlangoni na viatu vyake mkononi. "Nlitaka kumuona uso tu," alisema, na hapo ndipo alipolia.

Kesho yake Maalim Othman aliniita. Alikuwa ameshaiona mipangilio yangu.

"Hukuuliza," aliniambia.

"Naam, maalim."

"Nenda ukamwambie mwenyewe."

Tulikaa pamoja tukairekebisha kazi. Picha zingoje Ijumaa. Majina, vituo na namba za simu ziende saa ile ile. Laini haikulemewa hata kidogo, maana zilizokuwa nzito ni picha. Mtu yeyote wa Chwaka angeniambia kwamba picha hazina haraka, lau ningemuuliza.

Kumwambia Bi Riziki sikwenda. Siku ya hitma ya baba yake nilikusudia, akanitangulia yeye kunishukuru. "Mwenyezi Mungu akulipe, ulinifuata mpaka Chwaka." Nikashindwa. Tangu hapo kila Idi aliniletea sahani ya visheti, hata baada ya sote kustaafu, nami nikazipokea kwa mikono miwili na kumjibu ahsante. Mwaka jana alifariki kabla ya Ramadhani. Idi ilipofika nilijikuta nasikiliza mlango, mtu mzima mimi, nikaona haya na nikalia.

Kwa hiyo mwanangu, ninalokuusia ni hili. Kabla hujapunguza kinachopita baina ya watu, mwulize aliye upande wa pili ni kipi kwake hakingoji, hata kama atakuona hujui kazi. Na ukikosea, nenda kwa uliyemkosea angali hai, umwambie kwa ulimi wako, kabla hajakushukuru. Mimi sasa nna msamaha wa kuomba na sina wa kumuomba.

Mungu akupe riziki ya halali na moyo mwepesi wa kuuliza. Akujaalie uwahi kuwaaga unaowapenda, na wao wawahi kukuaga wewe. Haya, nenda kazini kwako, usichelewe siku ya mwanzo.