Goti la Jirani Yetu wa Dilala

"Mwenye matege atanyoosha mguu wa nani?" Ndivyo walivyosema watu wa mtaa wetu wa Dilala niliporudi na diploma ya upasuaji wa mifupa. Matege ninayo, sikatai. Na diploma ninayo, ambayo mjini pale hakuna mwingine aliyekuwa nayo.

Nilizaliwa hapo hapo, katika nyumba za kampuni ya migodi. Baba alitoka Kasai. Miaka watu wa Kasai walipofukuzwa Katanga, tulipoambiwa turudi "kwetu" ambako mimi sikuwahi kufika, jirani yetu, mama wa kaskazini mwa Katanga, alitulaza kwake mpaka treni ilipopatikana. Niliporudi nilimkuta goti la kushoto limepinda kwa nje, limelika upande wa ndani. Sokoni hakufika tena. Nikajitolea kuupasua mguu na kuunyoosha.

Wadogo zake walimjia juu dada yao. "Yaya, mugulu wako unapatia mutu tulifukuzaka?"

"Miye sikufukuzaka mutu," akajibu. Akanigeukia. "Kata, mutoto wangu."

Kampuni ilikuwa imeanguka na hospitali ikabaki kuta. Patasi na nyundo niliazima Fungurume, jenereta kwa fundi wa Mutoshi; bamba la chuma na skrubu nilipewa na masista. Kila mmoja aliniuliza kama najua ninachofanya.

Nilijua sana. Wengi hufungua mfupa sawasawa mbele na nyuma; kwa mbele mguu huonekana umenyooka, lakini mgonjwa akisimama goti linabaki limekunjwa. Mimi nilikata muundi chini ya goti, kutoka ndani, nikaacha ukuta wa nje mzima uwe bawaba. Nikafungua polepole, nyuma zaidi ya mbele. Kisha nikavuta waya juu ya mguu, kutoka nyonga hadi kifundo, kupima mstari wa uzito. Ulipita nje kidogo ya katikati ya goti, palepale nilipoutaka, ili uzito uhamie upande wa nje ambao haujalika.

Tulipofungua bandeji mdogo wake wa kiume akapiga kelele. "Aï! Ameupinda upande ingine!"

"Ngoja asimame, tata," nikamjibu.

Mama jirani alisimama miezi kadhaa baadaye, bila fimbo. Alikanyaga, akangoja maumivu. Hayakuja. "Munyamaze," akawaambia, akatoka kwenda sokoni.

Siku ya kurudisha vifaa alikataa kubaki nyumbani. Katika kila mlango alishuka garini akatembea mbele ya mwenye kitu, kitenge amekipandisha: "Muangalie kazi ya mutoto wangu!" Mutoshi tulifika mwisho. Fundi hakuligusa hata jenereta lake. Alimletea mama kiti, na mama akakataa kukaa.