Chai ya Esperance

Risasi zikilia upande wa Kanyosha, karani Esperance huingia chini ya meza; fundi wa kompyuta husema tu, "Iko mbali," wala hainui kichwa. Lakini ile kompyuta kubwa ya zamani ya bohari ikibadili mngurumo kidogo tu, yeye ndiye hupiga magoti. Vidole vyake hucheza hewani anapofikiri, na sauti yake ni ya mtu anayembembeleza mgonjwa ale uji. Wiki nzima alikaa nyuma ya Esperance akimtazama anavyoandika, kisha akatunga programu ndogo ya kujifanya Esperance, iandike kwenye mashine kama yeye, ili wenye maduka wa mtaa wa Asiatique waulize mizigo yao kwa interneti bila kutoka nje. Esperance aliona kazi yake imeota mbawa.

Siku ya majaribio, mwenye bohari, Bwana Hamoud, aliulizia shehena ya sukari kwa programu hiyo. Skrini ikakaa kimya. "Wallahi, fundi, imekufa?" "Apana, patron. Hii mashine ukiiharakisha inanuna. Hapa Esperance anakunywaka chai kwanza. Na programu nayo inakunywa, inangoja." Esperance, aliyekwisha kufunga mkoba wake aondoke, akaufungua, akatoa chupa ya chai, akajimiminia, akanywa taratibu. Alipotua kikombe, jibu likatokea.