Siku Mama Aliponipeleka Kutazama Picha

Juzi, hapa Mbeya, nilikwenda kutazama filamu za nje zinazoonyeshwa kila mwezi. Taa zilipozimwa, nikakumbuka harufu ya moshi wa jenereta na masweta mabichi kule Nyololo, nilikokulia.

Nilikuwa darasa la pili. Mama alinipeleka ukumbi wa parokia, ambako kila mwezi tulionyeshwa picha za nchi za mbali. Sikuelewa neno hata moja. Kulikuwa na mtoto akitembea kwenye theluji, nami nilidhani ni unga uliomwagika.

Katikati ya picha mama akasimama.

“Mama, unaenda wapi?”

“Nakuja, mwanangu. Wewe tazama, usigeuke.”

Sikugeuka. Nilisikia honi ya basi barabarani, wala sikujali. Picha ilipokwisha, nilimkuta bibi mlangoni.

“Mama yako amekwenda Dar kutafuta kazi,” alisema. “Aliogopa ungelia.”

Leo najua kwamba yeye ndiye aliyeogopa kulia. Siku ile nilijua tu kwamba nimedanganywa. Nilimpiga bibi ngumi za tumbo, naye akaweka fimbo yake chini, akaniacha nimpige mpaka nichoke.