Viazi Tulivyoviacha Udongoni

Swali lililoninyima usingizi mwezi mzima wa Oktoba lilikuwa hili: mtoto ana haki gani ya kumtoa mzazi wake katika nyumba anayoipenda, kwa sababu tu yeye mtoto anaogopa? Nililigeuza kama chapati. Nikiwa kazini nilijibu ndiyo. Nikirudi chumbani kwangu Amherst, nje kidogo ya Buffalo, kaskazini mwa Marekani, nikajibu hapana, kisha nikajilaumu kwa majibu yote mawili. Baba anaishi peke yake shambani, mbali kidogo kusini mwa Louisville, na mwezi Septemba alianguka penye rundo la kuni akalala hapo chini hadi jirani alipomwona. “Niliteleza tu, mama,” aliniambia kwenye simu, maana huniita mama tangu nikiwa mdogo. “Hata mbuzi huteleza.” Na kila nilipojaribu kuwaza juu ya kuni na barafu na moyo wake uliochoka, pua ilinirudisha palepale: kwenye harufu ya viazi vitamu vilivyooza, chachu kama pombe ya ndizi iliyosahaulika mtungini, harufu ya mwaka wetu wa kwanza katika shamba lile, nilipokuwa na miaka kumi.

Sisi ni Warundi wa kambini. Mimi nilizaliwa kambi mojawapo ya Kigoma, na wazazi wangu walikulia humohumo. Tulipoletwa Louisville tulikaa kwanza mtaa wa Beechmont, katika jengo ambalo kila mlango ulitoa harufu ya chakula cha nchi yake. Mama alipata kazi katika ghala kubwa la bidhaa, zamu ya usiku. Baba naye aliingia humo, akatoka baada ya muda mfupi, akisema hawezi kufanya kazi mahali ambapo mtu hajui kama nje kunanyesha. Muumini mmoja wa kanisani akamkutanisha na Mzee Harlan, Mmarekani mjane mwenye ng’ombe na tumbaku, aliyetupa nyumba ya mbao tuishi humo, baba amsaidie kazi, na nyuma ya banda tupewe kipande cha ardhi tulime tunachotaka. Baba alilima viazi vitamu. Matuta yalikwenda hadi kwenye uzio wa ng’ombe, na majani yake yalitambaa mpaka ukashindwa kuona udongo. Mama aliendelea kwenda ghalani. Alikuwa mjamzito, na miguu yake ilivimba hata viatu vya kazi akavivaa bila kufunga kamba. Baba akamwahidi mbele yangu: “Viazi hivi vikifika Krismasi, utaacha kubeba maboksi. Utakaa, utamsubiri mtoto.” Mpango wake ulikuwa kuvichimba kidogo kidogo wakati wa baridi, avipeleke Beechmont vikiwa na udongo mbichi, awauzie Warundi na Wakongo waliochoka kula viazi vya dukani.

Msimu wa majani kuanguka ulituingiza katika kazi ambazo hatukuzijua. Kwetu kipupwe ni blanketi moja la ziada na mahindi ya kuchoma. Hapa watu walijiandaa kana kwamba jeshi linakuja. Mzee Harlan alipasua mwaloni kuanzia asubuhi, nami nikapanga magogo ukutani, magome yake yakinichubua viganja. Tulibandika nailoni madirishani hadi nyumba ikawa na mwanga wa maji ya mchele. Tulizungushia mabomba matambara ili maji yasigande, tukajaza nyasi kavu bandani, na juu yetu tumbaku ilining’inia ikikauka, kahawia, ikinuka utamu uliochanganyika na moshi. Mama alirudi kutoka kazini alfajiri, akalala kidogo, akaamka kuanika maharage. Sikumbuki akicheka msimu ule, isipokuwa mara moja ng’ombe alipokula kofia ya baba.

Ndipo siku moja Mzee Harlan alipokuja hadi kwenye matuta, akavua kofia, akaniambia nimwambie baba achimbe viazi vyote kabla ya Jumamosi. Alitaja kitu kitakachoanguka usiku. Neno lile kwa Kiingereza nililijua, lakini Kiswahili chetu cha kambini hakikuwa nalo. Nilisimama pale nikilitafuta, wazee wawili wakinitazama mdomoni.

“Anasema utakuja umande,” nikasema. “Umande wa barafu.”

Baba alicheka hadi akaegemea jembe. “Umande! Tangu lini umande ukaua kiazi? Mwambie asante sana. Mwambie na mimi sikuzaliwa jana.”

“Baba Divine,” mama akaita kutoka mlangoni, “huyo mzee kazaliwa hapahapa. Mgeni hamsikii mwenyeji?”

“Mama Divine, wewe una ghala lako, na mimi nina langu. Langu ni udongo. Akiba haiozi.”

Haikuwa jeuri tu. Nilikuwa nimeisikia hadithi yake mara nyingi. Babu alipokimbia vita, magunia yake yote ya maharage yaliporwa na nyumba ikachomwa. Lakini aliporudi kwa kificho, alikuta muhogo wake umekaa kimya ardhini, ukimsubiri. Ule muhogo ndio uliowafikisha mpakani. Kwa watu wetu, chakula kilichovunwa ni chakula cha mwizi na cha askari. Kilichobaki chini ni chako. Baba hakuwa mzembe. Alikuwa anatii jambo lililowahi kuokoa uhai wa baba yake, katika nchi ambayo udongo haujawahi kuganda.

Umande ulianguka. Asubuhi majani yote yalikuwa meusi, yamelegea kama mboga iliyomwagiwa maji ya moto. “Ni majani tu,” baba akasema. “Mali iko chini.” Mvua baridi ikafuata, kisha udongo ukakaza. Siku aliyoamua kuchimba mzigo wa kwanza wa kuuza, jembe liliruka kama limegonga saruji. Alipofika chini, kiazi kilipasuka mkononi mwake, kikatoa maji. Akachimba tuta lingine, na lingine, hakuinua kichwa, na ile harufu ikapanda hadi dirishani. Mama alitoka na koti la kazi, akatazama mashimo. Nilingoja aseme neno. Alisema tu, “Ingia ndani, utaugua,” kisha gari la wafanyakazi likapiga honi barabarani, akaenda.

Hakuacha kazi. Baba alirudi ghalani pamoja naye, lakini maboksi ya mama yalibaki ya mama. Kabla ya Krismasi mama alipelekwa hospitali akitokea kazini, na mtoto hakuishi. Angekuwa mdogo wangu wa kiume. Daktari alisema mambo haya hutokea, hayana sababu, na mimi ndiye niliyewatafsiria hilo pia. Baba alimshukuru daktari. Nyumbani, hakuna aliyetaja viazi wala mtoto, siku ile wala baadaye. Miaka mingi ilipopita mama alihamia Columbus, “kumsaidia mama mdogo kulea,” ndivyo kanisa lilivyoambiwa. Hajarudi. Mzee Harlan alifariki, binti yake akamwacha baba aendelee kukaa. Kila msimu wa baridi ulipokaribia, baba alichimba viazi vyake mapema mno, vingine vikiwa vyembamba kama vidole, akavipanga jikoni katika magazeti.

Kwa hiyo nilipokuwa nikijiuliza kuhusu haki, nilikuwa najiuliza pia kama ninamwondoa mtu kwenye nyumba yake au kwenye adhabu yake. Nilimpigia mama. Nikamweleza jinsi baba alivyoanguka. “Mlete,” akasema. “Nitampikia. Lakini sitamwomba, na asije akanisimulia habari za shamba.”

Jumamosi ya kwanza ya Novemba niliendesha gari kutoka Amherst bila kumwarifu baba. Baba alikuwa kwenye ngazi, akibandika nailoni. Nilimwambia akiwa bado juu, kabla sijapata nafasi ya kuwaza upya: “Baba, shuka. Msimu huu hukai hapa. Tunakwenda Columbus kwa mama.”

“Amekubali?”

“Amesema nikulete.”

Alitazama banda, halafu akatazama viatu vyake. “Basi nishikie ngazi.”

Mwaka ule wa kwanza tuliiandaa nyumba ili itutunze, na haikututunza. Safari hii niliiandaa ikae bila mtu. Nilifunga bomba kuu, nikafungulia koki zote hadi maji yakaisha, yasije yakagandia ndani, nikazima jiko, nikampelekea jirani ufunguo. Baba alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha mbele, begi magotini, amefunga mkanda. Nikawasha gari.