Mwalimu Asiyegeuka

Baba alifundisha kusoma na kuandika katika jela ya watoto mpaka akastaafu, na kila siku aliogopa. Walimu wenzake walipomcheka, aliwafokea: "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio!" Askari alifunga mlango kwa nje, na Baba hakuwahi kuwapa wanafunzi mgongo. Aliandika ubaoni kiubavuubavu, macho kwao, hivyo herufi zake zote zililala kama nyasi zilizopigwa na upepo. Wanafunzi, ambao hawakuwa na mwandiko mwingine wa kuiga, wakaandika vilevile.

Juzi nilimpeleka hospitali, kiuno kimemshika hata kuinama hawezi. Daktari aliandika kwenye kadi yake, akaiweka mezani. Baba aliitazama, jasho likamtoka. Herufi zote zilikuwa zimelala.

"Nilikufundisha mimi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ndiyo, Mwalimu. Nilikaa nyuma kabisa." Daktari alikuwa ameshika sindano ndefu ya uti wa mgongo. "Sasa geuka."

Baba alinishika mkono mpaka ukaniuma. Kisha akageuka.