Chumba Kimoja cha Mama wa Nambari Nane

Habari ilinifikia Jumanne asubuhi nikiwa kazini stoo ya mizigo, ikiletwa na gadi wa treni iliyotoka Gilgil. Alishuka, akavua kofia, akasema, "Karani, yule mama mliyekaa naye landhi ametutoka. Anazikwa kesho." Sikuuliza ni mama yupi. Yeyote aliyekaa katika ile safu ya vyumba vya wafanyakazi wa reli hapa Nakuru, miaka ya mwanzo ya Hali ya Hatari, angejua. Tulimwita Mama wa Nambari Nane, kwa sababu ya nambari iliyopakwa rangi nyeupe mlangoni pake, nami nitamwita hivyo hivyo hapa. Mumewe alikuwa mchochea makaa wa garimoshi. Wasomaji wangu wamezoea kuniona nikilalamikia vumbi la mji huu na bei ya mahindi. Leo waniwie radhi nimwandikie mwanamke ambaye hakuwahi kushika cheo chochote, wala picha yake haikupata kutolewa gazetini.

Chumba chake kilikuwa sawa na vyetu: dirisha moja, sakafu ya saruji, na upana wa hatua chache tu. Humo waliishi watu saba. Hata hivyo, mgeni akiingia alipata pa kukaa, na watoto walipata pa kuandikia hesabu zao za shule. Vitanda viwili viliinuliwa juu ya matofali ili masanduku yaingie chini. Mikeka ya watoto ilikunjwa kila asubuhi na kuning'inizwa ukutani. Sufuria zililala ndogo ndani ya kubwa. Wako majirani waliosema kwamba ni maringo, na wako waliosema kwamba hana vitu ndiyo maana nyumba yake inafagilika. Hilo la pili lilikuwa na ukweli ndani yake, ingawa si kwa maana waliyoikusudia.

Mimi nilikaa Nambari Tisa na mke wangu na watoto watatu, na kwangu mlango ulikuwa haufunguki wote. Nyuma yake palikuwa na magunia matupu, mbele ya magunia fremu ya baiskeli isiyo na magurudumu, juu yake viti viwili vilivyobaki na miguu mitatu mitatu, halafu mikebe, magazeti na chupa nisizoweza kuzihesabu. Sikuwa mvivu. Baba yangu aliishi miaka mingi kama skwota katika shamba la mzungu upande wa Subukia, na asubuhi moja aliambiwa ahame kabla ya jua kutua. Alinijia hapa mjini akiwa amebeba alichoweza kubeba: jembe lisilo na mpini, chungu chenye ufa, na bawaba mbili alizozing'oa kwenye mlango wa nyumba yake. Aliishi nasi miezi michache, kisha akafariki. Tangu hapo mkono wangu ulikataa kutupa kitu. Mke wangu akiniuliza tutalala wapi, nilimjibu kwamba ipo siku kitafaa.

Siku iliyofika ilikuwa nyingine. Ilikuwa Jumamosi mchana, nami nilikuwa nimekaa kizingitini nikisoma. Binti yetu mdogo, ambaye hata miaka mitatu alikuwa hajatimiza, alijipenyeza kwenye chupa zile akapata moja iliyokuwa ya soda. Ndani yake nilikuwa nimetia mafuta ya taa. Tulisikia kikohozi tu. Mama yake alipomvuta kutoka kule nyuma ya magunia, kinywa chake kilikuwa kinanuka mafuta ya taa na macho yamemtoka. Mke wangu alipiga ukemi. Jirani mmoja alikuja mbio na maji ya chumvi, akitaka kumtapisha, na Mama wa Nambari Nane akamshika mkono.

"Msimtapishe! Itaingia kwa kifua. Mimi nimeona mtoto akifa hivyo. Twende hospitali saa hii."

Siku zile, wazee wenzangu watakumbuka, hukuvuka barabara kuu bila kipande, kile cheti cha utambulisho. Askari walisimama pale kwenye njia ya reli na hawakuwa watu wa kusikiliza kilio. Yule mama alinyoosha mkono juu ya mlango wake, hata hakutazama, akashusha mkebe mdogo wenye karatasi zote za nyumba yao. Mimi nilirudi ndani kutafuta changu. Nilipapasa mifuko ya makoti, nikamwaga sanduku, nikainua magunia. Mke wangu alisimama mlangoni na mtoto mgongoni, akilia, "Baba watoto, iko wapi? Iko wapi?" Kadi ya kliniki ya mtoto nayo ilikuwa humo humo mahali fulani.

Mama wa Nambari Nane hakungoja. "Karani, wewe baki utafute," alisema. "Sisi tunaenda. Nitawaambia askari mimi." Akamtwaa mtoto, akatangulia, mke wangu akimfuata.

Ndugu msomaji, nimepata kudhalilishwa na watu wakubwa katika maisha yangu, lakini sijapata aibu kama ile ya kubaki nimepiga magoti kati ya mikebe huku mtoto wangu akipelekwa hospitali na mke wa mwenzangu. Kipande nilikipata baada ya muda mrefu sana, ndani ya kitabu cha nyimbo, chini ya magazeti. Nilipofika hospitali, binti yetu alikuwa amelazwa, anapumua kwa shida. Alikaa huko siku nne. Siku ya tano tulimleta nyumbani, amekonda, lakini akidai uji kwa sauti ya juu, nasi tukamshukuru Mungu.

Jumamosi iliyofuata yule mama alibisha hodi, kitambaa amefunga kichwani, mikono ya gauni ameipandisha. Hakunitolea hotuba. Alinitaka nimsaidie kutoa kila kitu nje uani, juani. Kilipotoka chote, watoto wa landhi nzima walikuja kushangaa. Alisimama katikati akaniuliza, "Umesikia wakisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe?"

"Nimesikia."

"Basi hii vitu yako ni wageni. Imekaa mwaka, miaka miwili. Wewe uliipa jembe lini?"

Tukaanza kuvigawia jembe. Gunia lililoweza kushonwa likawa kapeti la mlangoni. Kiti kimoja kikatoa mguu wake, na kingine kikasimama. Fremu ya baiskeli ilichukuliwa na fundi wa sokoni kwa furaha, kumbe alikuwa akitafuta ya namna ile siku nyingi. Chupa zilikwenda zote, na mafuta ya taa yakapata debe lake, juu, kwenye msumari. Nilipofikia chungu chenye ufa na zile bawaba nilisimama. Niliogopa atasema tupa. Alizipokea bawaba, akazigeuza, akaniuliza ni za nini, nami nikamweleza habari ya baba.

"Hii si takataka," alisema. "Hii ni mzee wako, na wewe umemlaza chini ya chupa. Mtafutie mahali."

Tulizifunga bawaba katika kitambaa safi, tukaziweka ndani ya sanduku la nguo zangu za kanisani, na chungu tukakiweka juu yake. Jioni hiyo mlango wetu ulifunguka wote mpaka ukagusa ukuta. Mke wangu aliufungua na kuufunga mara tatu, akicheka.

Nimewaza sana juu ya jambo hili tangu Jumanne. Wengi wetu katika nchi hii ya Bonde la Ufa tumefukuzwa mahali, au tumezaliwa na waliofukuzwa. Mtu aliyepoteza nyumba kwa asubuhi moja hawezi kulaumiwa kwa kukumbatia mikebe. Lakini naona mambo yanabadilika. Vijana wanajenga upya, mashamba yanapimwa, wako wanaopata hati zao, na nyumba za vyumba viwili zinainuka mahali ambapo tulizoea kuona mabanda. Nyumba hizo tutazijaza nini? Tukizijaza hofu tuliyotoka nayo huko nyuma, vyumba viwili vitakuwa vidogo kama kimoja. Mama wa Nambari Nane, mumewe alipohamishiwa Gilgil, alikuwa akikusanya wanawake wa huko kila Alhamisi, wanatoa vitu nje, wanavitazama juani, wanasaidiana kuamua. Nimeambiwa hawakuwahi kukutana bila kucheka.

Nilikwenda Gilgil siku ya maziko. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotazamia. Baada ya kaburi kufukiwa nilikaa na binti yake mkubwa, mwalimu, nikamwuliza kama kuna kazi ya nyumba tunayoweza kuwasaidia, maana sote tunajua matanga yalivyo: huyu anatafuta shuka, yule anatafuta karatasi, na kabla ya arobaini ndugu hawasemezani kwa ajili ya cherehani.

"Hakuna kazi, mzee," alinijibu. "Mama alipoona ugonjwa umekaa, alituita mmoja mmoja. Cherehani alinipa mimi kwa mkono wake. Blanketi alipewa shangazi. Nguo zake alisema ziende kwa akina mama wa Alhamisi, na zimeshaenda. Imebaki tu kukaa na kumlilia."

Nilimtazama yule binti, ameketi na ndugu zake kwenye mkeka mmoja, bega kwa bega, hakuna aliyekuwa na haraka ya kuinuka. Miaka hii yote nilidhani mama yao alipenda usafi. Kumbe alikuwa akiwapenda watu, na alijua kwamba watu huhitaji nafasi: ya kulala, ya kuandika hesabu, ya kukimbia na mtoto mgonjwa, na mwishowe ya kulia pamoja bila kugombana. Anayepanga nyumba yake leo anampangia nafasi mtu, na huenda mtu huyo bado hajaingia mlangoni.